AC ya gari haitoi baridi: kabla ya kununua gesi, uliza iliyokuwemo imekwenda wapi

Na Mwandishi Wetu, Gisenyi

Wenye magari wanaofanya safari kati ya Gisenyi, Goma na Kigali wana mazoea yanayofanana. AC ikiacha kutoa baridi, gari hupelekwa gereji, fundi "anapiga gesi", mteja analipa na kuondoka akiwa ameridhika. Baada ya miezi miwili hali inarudi ile ile, naye anarudi kwa fundi kulipa tena.

Makala haya yanaeleza kwa nini malipo hayo ya mara kwa mara mara nyingi ni hasara, namna ya kubaini tatizo lenyewe liko wapi, na mambo ya kuangalia unaponunua gesi au gari lililotumika katika eneo hili la mpakani.

Wapo watakaosema AC ni anasa katika mji kama Gisenyi, ambao uko kando ya Ziwa Kivu kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460 na hauna joto la Dar es Salaam wala Mombasa. Lakini anayeifahamu barabara ya kwenda Kigali kupitia Musanze anajua kuwa mvua na ukungu huko ni jambo la kawaida. Vioo vikifunga ukungu kwa ndani, kinachovisafisha haraka ni AC, kwa sababu hukausha hewa kabla ya kuipuliza kwenye kioo cha mbele. Na upande wa Goma, ambako mji umejengwa juu ya mawe ya volkano, dereva hulazimika kufunga vioo kwa ajili ya vumbi. Kwa gari la abiria au la kukodisha, AC mbovu ni suala la usalama na la biashara pia.

JINSI AC INAVYOFANYA KAZI

Ukipaka spiriti mkononi unahisi baridi, kwa kuwa kimiminika kinapogeuka mvuke hubeba joto na kuondoka nalo. AC, au klimu kama wanavyoiita wenzetu wa Goma, inafuata kanuni hiyo hiyo.

Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, hugandamiza gesi hadi ikawa ya moto sana. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta na iliyo mbele yake, ambako hewa ya nje huipooza mpaka iwe kimiminika. Kimiminika hupita kwenye kichujio kinachonyonya unyevu, kisha kwenye valvu yenye tundu dogo sana, na kuingia kwenye evapareta iliyo ndani ya deshibodi. Hapo shinikizo hushuka ghafla, kimiminika hugeuka mvuke na kunyonya joto la hewa inayopulizwa na feni ya ndani. Ndiyo hewa baridi unayoipata. Mvuke hurudi kwenye kompresa na mzunguko huanza upya.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mfumo huu umefungwa. Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Ni kweli kwamba hupungua kidogo kidogo kwa miaka kupitia mipira ya mabomba, lakini ikiisha ndani ya miezi michache maana yake kuna tundu. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni sawa na kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

ANZA NA YASIYO NA GHARAMA

Kabla ya kufika gereji, mwenye gari anaweza kufanya uchunguzi ufuatao mwenyewe bila kufungua chochote kigumu.

1. Tofautisha upepo mdogo na upepo wa moto. Kama upepo unatoka kidogo lakini una ubaridi, gesi haina kosa. Angalia filta ya ndani, ambayo kwenye magari mengi iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Kwa magari yanayoingia Goma kila siku, filta hiyo hujaa vumbi mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Kama AC huanza vizuri kisha upepo ukapungua polepole, na baada ya kuzima dakika 20 ukarudi, evapareta huenda inaganda barafu.

2. Linganisha baridi ya gari likitembea na likisimama. Kama unapata baridi barabarani lakini ukikaa kwenye foleni ya Grande Barrière inakuwa joto, shaka ya kwanza ni feni ya mbele au kondensa iliyoziba. Fungua boneti, washa AC na utazame kama feni inazunguka. Kondensa iliyojaa vumbi na wadudu husafishwa kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, kwa sababu mapezi yake hupinda kirahisi.

3. Sikiliza kompresa. Kwenye magari mengi ya zamani, ukibonyeza kitufe cha AC husikika mlio wa "tak" na sehemu ya mbele ya kompresa huanza kuzunguka. Usiposikia, angalia fyuzi na rilei kabla ya kitu kingine. Rilei moja ni bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Fahamu pia kwamba mfumo ukikosa gesi, swichi ya shinikizo huizuia kompresa isiwake ili isiungue. Baadhi ya magari mapya yana kompresa inayozunguka wakati wote, kwa hiyo kutosikia mlio huo si ushahidi wa ubovu.

4. Angalia kidhibiti cha joto. Ndani ya deshibodi kuna kijimlango kinachochanganya hewa baridi na ile iliyopita kwenye hita. Kikikwama, AC hufanya kazi yote na bado unapulizwa joto. Dalili mojawapo ni upande wa dereva kuwa baridi na wa abiria kuwa moto, ingawa dalili hiyo huweza pia kuletwa na gesi pungufu.

5. Tafuta alama za mafuta. Ndani ya gesi mna mafuta yanayolainisha kompresa. Panapovuja gesi hutoka na mafuta, na vumbi hushika hapo. Maungio ya mabomba yenye utando mweusi wa mafuta ni mahali pa kuanzia. Povu la sabuni litaonyesha mapovu ikiwa tundu ni kubwa kidogo.

KWA NINI MAGARI YA HUKU HUVUJA

Kuna sababu mbili ambazo mwenye gari wa ukanda huu anapaswa kuzijua.

Ya kwanza inatokana na hali ya hewa nzuri ya Gisenyi yenyewe. Kwa kuwa hakuna joto kali, wengi hukaa wiki nyingi bila kuwasha AC wakidhani wanaokoa mafuta. Mipira ya maungio na ya kompresa hulainishwa na mafuta yanayozunguka pamoja na gesi. AC isipowashwa, mipira hukauka na gesi hupata njia. Kuiwasha dakika 10 kila wiki, hata siku ya baridi, ni kinga isiyo na gharama kubwa.

Ya pili ni safari ya gari lenyewe. Magari mengi yaliyotumika huletwa kwa meli hadi Dar es Salaam au Mombasa, yakakaa bandarini, kisha yakasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kufika huku. Muda wote huo AC haiwashwi, na chumvi ya baharini hushambulia aluminiamu ya kondensa.

Hapo ndipo mnunuzi anapoumia. Mchumi wa Marekani George Akerlof, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika: muuzaji anajua ubovu ambao mnunuzi haujui, na pengo hilo huharibu soko zima. AC ni mfano mzuri. Muuzaji anaweza kujaza gesi asubuhi, mnunuzi akajaribu mchana na kupata baridi safi, kisha gesi ikaisha kabla ya mwezi kwisha. Aidha, AC dhaifu huonekana nzima katika hewa ya Gisenyi, lakini gari likishuka Bujumbura au likafika pwani, udhaifu wake hujitokeza siku hiyo hiyo.

HESABU YA MFUKONI

Tuchukue mfano wa kubuni tu, kwa kuwa bei hutofautiana gereji hadi gereji, na upande wa Goma hutajwa kwa dola. Tuseme kujaza gesi ni faranga za Rwanda 30,000, na gari linajazwa kila baada ya miezi miwili. Kwa mwaka ni mara sita, yaani faranga 180,000. Tuseme pia kwamba kutafuta tundu, kubadilisha mpira wa maungio, kuvuta hewa na kujaza gesi upya ni faranga 100,000. Mwaka wa kwanza peke yake mwenye gari ameokoa faranga 80,000, na mwaka wa pili, tundu lisipofunguka tena, anaokoa 180,000 zote.

Lakini hasara kubwa zaidi haionekani kwenye hesabu hiyo. Kila gesi inapovuja, mafuta hutoka nayo. Fundi anapoongeza gesi peke yake, kompresa hubaki na mafuta machache zaidi kila mara, mpaka inasagika. Kompresa ikisagika hutawanya vipande vya chuma ndani ya mfumo, na hapo huwezi kubadilisha kompresa peke yake. Kichujio hubadilishwa, mabomba husafishwa, na mara nyingi kondensa nayo hutupwa. Mpira wa bei ndogo unakuwa umegharimu mfumo mzima.

UKIFIKA GEREJI

Fundi anayejua kazi hufunga geji mbili, ya shinikizo la chini na ya shinikizo la juu. Kwa gari linalotumia gesi ya R-134a, injini ikiwa inafanya kazi, upande wa chini kwa kawaida huwa kati ya psi 25 na 45, na upande wa juu kati ya 150 na 250, kutegemea joto la siku hiyo. Mwenye gari anaweza kusimama pembeni na kusoma mwenyewe:

- Pande zote mbili ziko chini: gesi imepungua, kwa hiyo kuna mahali inapovujia.
- Pande zote mbili ziko juu: gesi imezidi, au kondensa haipozwi vizuri.
- Upande wa chini uko juu na wa juu uko chini: kompresa imechoka.
- Upande wa chini umeshuka hadi karibu na sifuri au chini yake: kuna kizuizi, mara nyingi kwenye valvu au kichujio.

Baada ya ukarabati, hewa yote na unyevu lazima vivutwe kwa pampu kwa muda usiopungua nusu saa, kisha pampu izimwe na geji iangaliwe kama sindano inarudi. Ikirudi, tundu bado lipo. Unyevu ukiachwa ndani huganda kwenye valvu na hutengeneza tindikali pamoja na mafuta.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya ufundi, vilivyoandikwa kwa watu wa usawa wa bahari, havilisemi. Vitabu hivyo humtaka fundi avute mpaka geji isome karibu inchi 30 za zebaki. Kwa mwinuko wa Gisenyi na Goma kipimo hicho hakifikiki kamwe. Shinikizo la hewa ya huku ni karibu asilimia 84 tu ya lile la pwani, kwa hiyo hata pampu bora kabisa itasimama kwenye inchi 25 hivi. Fundi asiyelijua hilo huweza kuilaumu pampu nzima, au kumwambia mteja kwamba gari linavuja wakati halivuji. Ikiwa geji imefika 25 na imetulia, kazi imefanyika.

Kisha gesi ijazwe kwa mizani, si kwa kukisia. Gari dogo la kawaida huhitaji kati ya gramu 400 na 600 hivi, na magari yenye AC ya nyuma huhitaji zaidi. Kiasi kamili kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Gesi ikizidi, baridi hupungua badala ya kuongezeka, na kompresa huumia.

Kataa mambo matatu. Kwanza, usikubali mfumo ujaribiwe kwa upepo wa kujazia matairi, kwa sababu unaingiza unyevu, wala kwa oksijeni ya kuchomelea, ambayo ikikutana na mafuta huweza kulipuka. Kinachofaa ni naitrojeni kavu. Pili, usikubali dawa ya kuziba matundu bila maelezo, kwa kuwa huweza kuziba valvu pia. Tatu, usikubali gesi ya kupikia. Hupoza kweli, lakini inawaka, na bomba likipasuka ndani ya deshibodi gesi hiyo itaingia walipokaa abiria.

GESI YA MPAKANI

Magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hutumia R-134a. Kabla ya hapo ilikuwa R-12, iliyoondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Magari mapya kutoka Ulaya, hasa baada ya mwaka 2017, yana R-1234yf, ambayo ni ghali zaidi. Gesi hizi hazichanganywi.

Aghalabu bei ya R-134a haitarajiwi kushuka kwa muda mrefu. Tarehe 15 Oktoba 2016, nchi wanachama wa Mkataba wa Montreal zilikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za aina hiyo kwa kuwa huongeza joto duniani. Uzito mmoja wa R-134a una athari inayozidi mara 1,400 ile ya hewa ukaa. Kwa kundi la nchi ambalo Rwanda imo, matumizi yalipaswa kusimamishwa pale yalipo kuanzia mwaka 2024, kisha kupunguzwa kwa asilimia 10 ifikapo 2029 na asilimia 80 ifikapo 2045. Nchini Rwanda vibali vya kuingiza gesi hizi husimamiwa na mamlaka ya mazingira, REMA.

Kila mfanyabiashara anajua kinachofuata bidhaa inapodhibitiwa na bei ikapanda: bidhaa feki. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka nchini Vietnam na Brazil na kuua watu watatu waliokuwa wakiyahudumia. Uchunguzi uliihusisha milipuko hiyo na gesi feki iliyouzwa kama R-134a huku ikiwa na kloridi ya methili, kemikali inayoshambulia aluminiamu na kutengeneza kitu kinachowaka kikikutana na hewa. Kompresa na kondensa za magari yetu nazo zina aluminiamu.

Kwa anayenunua mtungi kwa ajili ya gereji, mtungi wa kawaida wa kutupa huwa na kilo 13.6 za gesi. Upime, uangalie kama kifuniko kimewahi kufunguliwa, na udai risiti. Uache usiku mzima mahali penye kivuli, kisha asubuhi uupime shinikizo. Kwenye nyuzi joto 20, geji ya hapa Gisenyi inapaswa kusoma karibu psi 70 kwa R-134a. Ikisoma 120, kilichomo yawezekana ni R-22 ya majokofu na viyoyozi vya nyumbani. Kipimo hiki hunasa udanganyifu wa wazi tu, kwani wajanja huchanganya gesi mpaka shinikizo lilingane. Jibu la uhakika hutolewa na mashine ya kutambua gesi, ambayo gereji kadhaa zinaweza kuchangiana kuinunua.

TAHADHARI KWA MAGARI YA MSETO

Mwaka 2021 Rwanda ilitangaza vivutio vya kodi kwa magari ya umeme na ya mseto. Kompresa ya magari mengi ya aina hiyo haizungushwi na mkanda bali na umeme wa volti zaidi ya 200, unaopita kwenye nyaya za rangi ya chungwa. Umeme huo unaua. Zaidi ya hayo, kompresa hizo hutaka mafuta maalumu yasiyopitisha umeme, na mafuta ya kawaida, hata kiasi kidogo kilichobaki kwenye mpira wa geji, huweza kuharibu mfumo. Fundi asiyeweza kukutajia mafuta ya gari lako asiliguse.

USHAURI KWA MNUNUZI

Unaponunua gari lililotumika, liwashe likiwa baridi na uiache AC ifanye kazi dakika 15 gari likiwa limesimama, kisha uliendeshe dakika 15 nyingine. Chukua kipimajoto kidogo, ukiingize kwenye tundu la katikati la hewa. Kwa hali ya hewa ya Gisenyi, AC nzima itashuka hadi kati ya nyuzi 5 na 10. Angalia maungio ya mabomba kama yana mafuta, na uulize ni lini gesi iliongezwa mara ya mwisho. Ikiwezekana, andikishaneni kwamba sehemu ndogo ya bei italipwa baada ya mwezi mmoja ikiwa baridi bado ipo. Muuzaji mwenye gari zima hana sababu kubwa ya kukataa sharti hilo, na akilikataa, una msingi wa kuomba punguzo la gharama ya matengenezo kabla hujatoa pesa.